Rafadha, Kasia Lizungukalo Chini ya Maji

Wasafiri wa Ziwa Tanganyika wameijua kwa miaka mingi merikebu iitwayo Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Huko iliungwa tena, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya. Watu wengi wamepanda merikebu hiyo pamoja na mizigo yao, na wameisikia injini ikinguruma chini ya miguu yao. Lakini ni wachache mno waliopata kuziona rafadha zake mbili, nazo ndizo ziisukumazo. Maana rafadha hukaa chini ya tezi, ndani ya maji, wala haionekani ila chombo kipandishwapo gudini.

Basi mwezi huu tumeona vema kuwaeleza habari za kitu hicho kisichoonekana: jinsi kifanyavyo kazi, na jinsi kilivyopatikana kwa hasara na taabu za watu kadha wa kadha.

Tangu zamani watu wetu wana njia zao za kusukuma chombo. Penye maji mafupi mtu huchukua pondo, huisimika chini, huisukuma nchi yenyewe. Penye kina hushika kafi au kasia. Hapo hakuna nchi ya kusukuma, bali huyatupa maji nyuma, nayo maji kwa uzito wake hukirudishia chombo msukumo wa kwenda mbele. Kazi yote ya mashine za merikebu ni hiyo hiyo ya kafi, wala hakuna siri nyingine. Lililotafutwa ni njia ya kuyatupa maji nyuma mfululizo, usiku na mchana, bila mikono ya watu.

Mafundi wa kwanza waliotia injini ya mvuke katika merikebu waliliiga kasia. Walifanya magurudumu mawili makubwa, moja kila ubavu, yenye vibao kuzunguka ukingo wake. Gurudumu likizunguka, kila kibao hushuka, huyapiga maji, hupanda tena. Mwaka 1807 Mmarekani Robert Fulton aliendesha merikebu ya namna hiyo katika mto Hudson, toka New York hata Albany. Hata Daktari Livingstone alipokwenda mto Zambezi mwaka 1858, chombo chake Ma Robert kilikuwa cha magurudumu. Nacho kilikuwa kibovu hata mwenyewe akakipa jina la mwenye pumu.

Mtoni magurudumu yalifaa sana, maana hayahitaji kina kirefu. Lakini baharini ilikuwa mambo mengine. Merikebu ikilala upande kwa mawimbi, gurudumu moja huzama hata karibu kukwama, na la pili huinuka likapiga upepo mtupu. Tena merikebu ikiondoka bandarini imejaa makaa ya mawe, magurudumu huzama kupita kiasi. Makaa yakiisha kuchomwa, chombo huwa chepesi, hupanda, na vibao haviyafikii maji sawasawa. Na kwa manowari ilikuwa ni hatari kubwa, kwa kuwa risasi moja ya mzinga yaweza kulivunja gurudumu, na merikebu ikasimama mbele ya adui kama ndege aliyevunjika bawa.

Sasa fikirini kititia, mchezo wa watoto ufanywao kwa ukuti wa mnazi. Mtoto hukimbia nacho, upepo huzipiga zile mbawa zilizolala mshazari, na kititia huzunguka. Geuzeni shauri hilo. Kama kititia kingezungushwa kwa nguvu na mkono, kingeutupa upepo nyuma. Kizamisheni majini, kifanyeni cha chuma au shaba, kitieni katika ncha ya mtaimbo mrefu unaozungushwa na injini, nanyi mmepata rafadha. Wengine huilinganisha na parafujo iingiavyo katika mti, na kweli jina lake katika lugha nyingi ni parafujo. Mfano huo ni mzuri, lakini haukutimia. Maana mti ni mgumu na hushika, bali maji hulegea na kurudi nyuma. Kwa hiyo rafadha haiendi mbele kadiri yote ya mshazari wake, ila hupoteza sehemu kidogo kila izungukapo.

Watu wengi walilifikiri shauri hili kabla halijafaulu. Mmoja wao alikuwa Josef Ressel, bwana misitu katika nchi ya Austria, aliyeandikiwa haki yake mwaka 1827. Mwaka 1829 alijaribu chombo chake Civetta katika bandari ya Trieste. Kilianza vema, ndipo bomba la mvuke likapasuka, na polisi wakakataza majaribio yasiendelee. Ajabu ni kwamba bomba lilikuwa la injini, wala rafadha haikuwa na kosa lo lote. Lakini aliyepata hasara ni rafadha, na Ressel akarudi katika miti yake.

Aliyeifikisha mbali alikuwa Mwingereza Francis Pettit Smith, mkulima mfuga kondoo. Tangu utoto alipenda kuchonga vyombo vidogo vya kuchezea, wala ukubwani hakuacha. Mwaka 1835 alifanya kimoja kinachoendeshwa na kamani, akakijaribu katika kidimbwi cha shamba lake karibu na London. Mwaka 1836 aliandikisha haki yake; na majuma machache baadaye, mwaka huo huo, Msweden John Ericsson aliandikisha ya kwake, ya namna nyingine.

Rafadha ya Smith haikuwa na mbawa kama za siku hizi. Ilikuwa ni parafujo ya mbao iliyojipinda mizunguko miwili kamili, kama mtambaazi kwenye mti. Aliitia katika mashua ya tani 6, akaiendesha katika mfereji wa London. Siku moja ya Februari mwaka 1837 parafujo ile iligonga kitu majini, ikakatika, nusu yake ikapotea. Hao waliomo walidhani kazi imekwisha. Lakini mashua, badala ya kusimama, iliruka mbele, ikaenda mbio kuliko ilivyokwenda kwanza. Ule mzunguko wa pili ulikuwa mzigo tu, ukiburuta maji yaliyokwisha kutupwa na ule wa kwanza. Smith hakubisha na jambo lililotendeka mbele ya macho yake. Aliagiza parafujo mpya ya chuma yenye mzunguko mmoja tu.

Mwezi wa Septemba mwaka huo alitoka na mashua yake ndogo katika mto Thames, akaingia baharini, akaenda hata Hythe, mji wa kuzaliwa kwake. Akirudi alikutwa na dhoruba, na maofisa wa manowari waliokuwa pwani waliiona mashua ile ikipanda na kushuka katika mawimbi, nayo ikiendelea na safari yake.

Ericsson naye alikuwa amekwisha kuwavuta wakuu wa manowari katika mto Thames kwa mashua yake ya rafadha. Walivutwa vizuri, wakashuka, wakakataa. Mjenzi mkuu wao alishika neno kwamba chombo kisukumwacho kutoka tezini hakiwezi kuongozwa. Twafikiri mvuvi ye yote wa kwetu angalicheka, kwa kuwa mwenye kafi akaaye tezi ya mtumbwi ndiye asukumaye na ndiye aongozaye. Na kweli yenyewe ni kinyume cha neno la mjenzi yule: maji yatupwayo na rafadha huupiga usukani, hata usukani ukapata nguvu zaidi. Ericsson alichoka kusubiri, akaenda Marekani mwaka 1839, na huko walimpokea.

Smith alibaki. Pamoja na matajiri waliomwamini alijenga merikebu Archimedes, ya tani 237, ikashushwa majini mwaka 1838. Wakuu walikuwa wamesema wataridhika ikipata maili tano za baharini kwa saa. Ikapata karibu mara mbili ya hizo. Ilizunguka pwani ya Uingereza yote, bandari kwa bandari, mafundi wakaribishwe kuitazama. Fundi mkubwa Isambard Kingdom Brunel, aliyekuwa akijenga merikebu kubwa ya chuma iitwayo Great Britain pale Bristol, aliiazima Archimedes, akaipima; kisha akayatupa mashauri yake yote ya magurudumu, akaamuru merikebu yake iwe ya rafadha. Mwaka 1845 Great Britain ilivuka bahari ya Atlantiki hata New York kwa muda usiotimia siku kumi na tano.

Mwaka huo huo, tarehe 3 Aprili, wakuu wa manowari walifanya shindano ambalo habari yake imesimuliwa mahali pengi. Walizifunga merikebu mbili tezi kwa tezi: Rattler ya rafadha na Alecto ya magurudumu, kila moja ina injini iliyohesabiwa nguvu za farasi 200. Alecto ilianza kuvuta kwanza. Ndipo Rattler ikatia nguvu, ikaisimamisha, ikaiburuta kinyumenyume kwa mwendo wa maili mbili na nusu za baharini kwa saa, magurudumu yake yakizunguka bure. Lazima tuseme kwamba shindano hilo halikuwa la haki kabisa, kwa sababu injini ya Rattler ilitoa nguvu nyingi kuliko hesabu iliyoandikwa; tena wakuu walikuwa wamekwisha kuagiza merikebu nyingine za rafadha kabla ya siku ile. Lakini mtu asiyejua hesabu alihitaji kuona kwa macho, na aliona.

Hata hivyo shida moja ilibaki, nayo ilikuwa karibu kuiharibu kazi yote. Mtaimbo wa rafadha hauna budi kutoboa merikebu, utoke ndani uingie majini. Tundu hilo liko chini ya maji, na mtaimbo huzunguka humo pasipo kupumzika, shaba ikisagana na chuma. Merikebu za kwanza zilipokwenda safari ndefu vyuma vililika, mtaimbo ukalegea ukitikisa tezi nzima, na maji ya bahari yakaingia. Ni jambo la kutisha kwa watu walio mbali na nchi kavu.

Dawa yake ilipatikana mwaka 1854 na fundi John Penn, nayo ilikuwa ni mti! Katika visiwa vya Amerika hupatikana mti uitwao lignum vitae, mgumu na mzito hata ukitupwa majini huzama, wenye utomvu kama mafuta ndani yake. Penn alipanga vipande vya mti huo kuzunguka ndani ya lile tundu, akaacha nafasi ndogo katikati yao maji ya bahari yapite. Yale maji yaliyokuwa adui yakawa ndiyo mafuta ya kulainisha. Mtaimbo ulizunguka juu ya mti wenye maji miaka na miaka ukaliwa kidogo sana, na tangu hapo rafadha ilikuwa ya kuaminiwa katika safari za mbali.

Smith mwenyewe hakutajirika. Kampuni yake ilipoteza fedha nyingi, haki yake ikaisha muda, naye akarudi kulima katika kisiwa cha Guernsey. Mwaka 1860 alipewa kazi ya kutunza nyumba ya makumbusho ya mambo yaliyobuniwa, pale South Kensington, London. Mwaka 1871 Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir, na mwaka 1874 akafariki.

Baadaye lilitokea jambo ambalo Smith hakuliwaza. Mwaka 1894 Charles Parsons alijenga chombo chembamba, Turbinia, chenye injini ya namna mpya izungukayo kwa kasi ya ajabu, lakini mwendo wake ukawa mdogo kuliko alivyotazamia. Kumbe rafadha ilizunguka kwa haraka mno, maji yakapasuka nyuma ya mbawa zake na kufanya mapovu ya mvuke, kama maji yachemkayo, ingawa ni baridi. Mbawa zikawa zapiga mapovu, si maji. Parsons aliweka mitaimbo mitatu, kila mmoja una rafadha tatu, kazi ikagawanyika, na mwaka 1897 Turbinia ilipita mbele ya manowari za Uingereza zilizokusanyika Spithead kwa mwendo wa maili 34 za baharini kwa saa. Mapovu hayo yapo hata leo. Yakifumka juu ya chuma hukila, na mwenye mashua aonaye vijitundu kama vya ndui katika mbawa za rafadha yake ajue sababu ni hiyo.

Maana siku hizi rafadha si ya merikebu kubwa tu. Tangu Ole Evinrude alipoanza kuuza injini za kufungwa tezini huko Marekani, mwaka 1909, injini za namna hiyo zimeenea, na wavuvi wa maziwa yetu na wa pwani wanazo. Kwa ajili ya hao twaongeza maneno mawili. Katika rafadha nyingi za injini ndogo mna kipini cha madini laini kiunganishacho rafadha na mtaimbo. Kimewekwa kusudi kikatike rafadha igongapo mwamba au gogo, ili meno ya ndani yasivunjike. Kikikatika, msitie msumari wa chuma mahali pake. Chukueni vipini viwili au vitatu vya akiba katika mashua. Na mtu akiwa majini karibu na tezi, mtoto aogaye au mwenzenu anayepandishwa chomboni, msiridhike kupunguza mwendo, bali zimeni injini kabisa, mngoje hata rafadha imesimama, ndipo mumvute.