Maji Machafu ya Visima vya Mafuta Husafishwaje?

Ukisikia kwamba nchi fulani imechimba kisima cha mafuta, usidhani kinachotoka ni mafuta matupu. Mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, pamoja na maji ya tangu zamani. Mafuta yakivutwa, maji nayo huja. Kisima kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi, hata yakawa mengi kuliko mafuta mara kadhaa.

Maji hayo ni ya chumvi. Mara nyingine chumvi yake hupita ile ya bahari. Tena yamechanganyika na mafuta. Je, yatapelekwa wapi?

Kwanza huingizwa katika tangi kubwa yatulie. Mafuta ni mepesi, basi huelea yakaenguliwa, kama vile mama anavyoengua mafuta juu ya mchuzi. Lakini kazi haijaisha. Maji hubaki na rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Humo mna matone madogo mno, mengi ni membamba kuliko unywele. Hata ukingoja siku nzima, hayapandi juu.

Kwa nini hayaungani? Kila tone lina umeme kidogo sana, na umeme huo ni wa aina moja kwa matone yote. Chukua sumaku mbili, uzielekeze ncha zinazofanana: zitasukumana. Matone nayo husukumana hivyo hivyo.

Hapo ndipo dawa inapohitajika, na dawa mojawapo wengi wetu tunaijua: shabu. Vijijini watu hutia shabu katika mtungi wa maji ya mto yenye tope. Tope hushikana likazama, maji yakang'aa. Kwenye visima vya mafuta hutumika dawa za jamii hiyo, zenye alumini au chuma. Umeme wake ni kinyume cha ule wa matone, kwa hiyo huumaliza nguvu. Sasa matone yakikutana, yanashikana.

Halafu hutiwa dawa ya pili, polima. Hii ni kama uzi mrefu, hufunga matone yawe mabonge. Kisha mapovu ya gesi hupitishwa toka chini. Mtungini tope huzama, lakini hapa mapovu huyabeba mabonge hadi juu, na mashine huyakwangua.

Dawa ikizidi, je, maji yatasafika zaidi? Hapana! Matone hupata umeme wa ile dawa, yakaanza kusukumana tena. Kwa hiyo mtaalamu huchukua kwanza bilauri kadhaa za maji yale yale, akatia kila moja kipimo chake, akakoroga, akangoja aone ipi inang'aa.

Kule Ulaya, katika Bahari ya Kaskazini, visima vingi vimo baharini. Mwaka 2001 nchi za huko zilikubaliana kwamba maji yanayomwagwa yasizidi miligramu 30 za mafuta katika kila lita, kwa wastani wa mwezi. Fikiria mapipa 5 ya lita 200. Mafuta yanayoruhusiwa humo yote ni kama vijiko viwili vikubwa tu.

Lakini tusidanganyike na maji yanayong'aa. Dawa hizi hukamata mafuta yaliyo katika matone. Chumvi inabaki. Benzeni nayo, sumu inayoweza kuleta saratani ya damu, imeyeyuka majini kama sukari katika chai, na sehemu kubwa haikamatwi. Maji hayo hayanyweki, wala hayafai kumwagilia mahindi. Na yale mabonge yakitupwa shimoni ovyo, mafuta yake hunywea ardhini.

Watu wa Ecuador, Amerika ya Kusini, wanalijua jambo hili. Mafuta ya msitu wao wa Amazon yalianza kusafirishwa nje mwaka 1972. Kwa miaka mingi maji ya visima yalimwagwa katika mito na vijito, na mito hiyo ndiyo watu waliyokuwa wakinywa, wakioga na kuvua samaki. Mwaka 1993 wakazi walifungua kesi New York, Marekani. Mabishano ya mahakamani yaliendelea miaka mingi.

Siku hizi, kwa visima vingi vya nchi kavu, maji hurudishwa chini kabisa ya ardhi kwa pampu. Hata hivyo lazima yasafishwe kwanza, maana matone ya mafuta huziba vile vitundu vya mwamba, na pampu ikashindwa kusukuma.