Kufichua siri za ujasusi: kwa nini anayesema ukweli hulipa gharama kubwa?

Mtu akigundua kwamba mizani ya chama cha ushirika imechezewa, anaweza kwenda kwa wazee, kwa mwenyekiti wa kijiji au hata kupiga simu redioni. Atapata maadui, lakini angalau anaweza kujieleza. Je, anayefanya kazi ya ujasusi akiona jambo baya ofisini kwake, aende wapi? Tuangalie kisa kimoja cha kweli.

Barua pepe iliyohusu Afrika

Katharine Gun alikuwa mfasiri wa Kichina katika GCHQ, idara ya Uingereza inayonasa mawasiliano. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mwishoni mwa Januari 2003 yeye na wenzake walipokea barua pepe kutoka NSA, idara ya Marekani inayofanya kazi kama hiyo. Wamarekani waliomba msaada wa kunasa mawasiliano ya wajumbe wa nchi sita katika Umoja wa Mataifa. Tatu kati ya hizo ni za Afrika: Angola, Kamerun na Guinea. Nyingine zilikuwa Bulgaria, Chile na Pakistan.

Kwa nini nchi hizo? Wakati huo Marekani na Uingereza zilikuwa zinatafuta azimio la Baraza la Usalama la kuruhusu vita dhidi ya Iraq. Baraza hilo lina wajumbe 15, na azimio haliwezi kupita bila kura 9. Nchi hizo sita zilikuwa bado hazijasema zitapiga kura upande gani.

Gun aliamini kwamba siri za wajumbe hao zingetumiwa kuwashinikiza, na watu wengi wangekufa vitani. Alichapisha nakala ya barua hiyo, akampa mtu aliyekuwa na mawasiliano na waandishi wa habari. Machi 2, 2003, gazeti la Observer liliitoa ukurasa wa kwanza.

Gharama ilianza siku hiyo

Uchunguzi ulipoanza ofisini, Gun aliulizwa, akakana. Siku chache baadaye alishindwa kuubeba uongo huo, akamwendea msimamizi wake na kukiri. Alikamatwa na kulala mahabusu, kisha akapoteza kazi. Machi 20 vita vilianza bila azimio lile kupitishwa.

Alisubiri hadi Novemba 2003 ndipo akafunguliwa mashtaka. Muda wote huo hakujua kama atafungwa. Mume wake, raia wa Uturuki, naye alijikuta akikabiliwa na tishio la kurudishwa kwao. Hapo tunaona kwamba anayefichua siri halipi peke yake.

Kwa nini ujasusi ni tofauti?

Sababu ya kwanza ni sheria. Chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1989, mfanyakazi wa ujasusi Uingereza hawezi kujitetea mahakamani kwa kusema tu kwamba alitoboa siri kwa manufaa ya wananchi. Mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilithibitisha hivyo katika kesi ya David Shayler, aliyewahi kufanya kazi MI5. Shayler alihukumiwa kifungo cha miezi 6.

Sababu ya pili ni ukimya. Mfanyakazi huyo haruhusiwi kumweleza mwenza wake, mzazi wala kiongozi wake wa dini alichokiona kazini. Hata kumweleza wakili kunahitaji idhini. Anabeba mzigo peke yake wakati anapohitaji ushauri kuliko wakati wowote.

Sababu ya tatu ni riziki. Kazi hii inategemea kibali cha kuaminiwa na serikali. Kibali kikiondolewa, ujuzi wa miaka mingi hauna mnunuzi.

Je, angepitia kwa wakubwa?

Wengi huuliza hivyo. Thomas Drake, ofisa wa ngazi ya juu wa NSA, alifanya hivyo. Alipeleka malalamiko yake kuhusu ubadhirifu na upelelezi dhidi ya raia kwa wakubwa wake, kwa wakaguzi na kwa Bunge la Marekani. Baadaye alizungumza na mwandishi wa habari. Mwaka 2007 nyumba yake ilipekuliwa, na mwaka 2010 alishtakiwa kwa makosa ambayo yangeweza kumfunga miaka 35. Mwaka 2011 mashtaka hayo makubwa yalianguka. Alikiri kosa dogo tu na hakufungwa. Lakini kazi yake ilikuwa imekwisha, akaenda kuuza kompyuta na simu dukani.

Kushinda si kurudishiwa

Kesi ya Gun nayo iliisha kwa mshangao. Mawakili wake walikuwa wametaka serikali itoe ushauri wa kisheria iliopewa kuhusu uhalali wa vita. Februari 25, 2004, upande wa mashtaka ulisema hautaleta ushahidi wowote. Shauri lilimalizika kwa muda usiofika nusu saa.

Aliachiwa huru, lakini kazi ya awali hakurudi. Baada ya miaka kadhaa alihamia Uturuki na familia yake. Amesema hadharani kwamba hajutii.

Ndiyo maana, tunapojadili ulinzi wa wanaofichua maovu, tusiishie kuuliza kama mtu alifungwa au aliachiwa. Tuulize pia: baada ya kesi, anakula nini, na nani atamwajiri?