Chombo kitue wapi Mwezini?

Jioni ya mwezi mpevu, zile siku ambazo wavuvi wa ndagala hupumzisha taa zao kwa sababu mbalamwezi huzishinda nguvu, simama Buyenzi au popote mjini Bujumbura utazame mashariki. Mwezi utachomoza juu ya milima ya Mumirwa na, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ncha yake ya kusini itakuwa upande wako wa kulia. Madoa meusi unayoyaona ni tambarare za lava iliyoganda. Sehemu nyeupe ni nyanda za juu, ambazo ni kongwe zaidi. Lile doa jeupe la upande wa kulia, lenye michirizi inayotawanyika, ni Tycho, kasoko, yaani shimo lililoachwa na pigo la kimondo.

Uso wote wa Mwezi una kilomita za mraba zipatazo milioni 38, zaidi ya bara zima la Afrika. Wanadamu wameshuka huko mara sita tu, kati ya 1969 na 1972. Safari ni chache na gharama ni kubwa, kwa hiyo kuchagua mahali pa kutua ni nusu ya kazi yenyewe ya utafiti.

Kigezo cha kwanza ni usalama. Apollo 11 ilipelekwa Bahari ya Utulivu, Julai 1969, hasa kwa sababu ni tambarare. Hata hivyo, Neil Armstrong alijikuta anashukia uwanja uliojaa mawe makubwa, ikambidi ashike usukani mwenyewe na kusogea mbele hadi alipopata pa kutua. Lakini usalama hutuambia tu pale pasipofaa. Panapofaa panaamuliwa na swali tunalotaka kulijibu.

Sisi wa Bujumbura tunaweza kulielewa jambo hili kupitia Ziwa Tanganyika. Mtafiti anayetaka kusoma historia ya hali ya hewa kwenye tope la chini ya ziwa hatachimba mbele ya mdomo wa Ruzizi, ingawa ni karibu na rahisi kufika. Mto unamwaga mchanga na udongo kwa fujo, na tabaka zinavurugika. Atakwenda kwenye tuta lililoinuka chini ya maji, ambako tope hutua taratibu, mwaka baada ya mwaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa tope lililotolewa eneo la Kalya, upande wa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilitumia kuonyesha kwamba joto la ziwa katika karne ya 20 lilipita lote la miaka 1,500 iliyopita. Mahali palichaguliwa kwa ajili ya swali, na jibu likapatikana.

Mwezini, mfano bora wa uchaguzi wa namna hii ni safari ya chombo cha Chang'e-5 cha China. Umri wa ardhi ya Mwezi hukadiriwa kwa kuhesabu kasoko zake. Kule hakuna mvua wala mto wa kuzifuta, hivyo ardhi iliyokaa muda mrefu zaidi imepigwa na vimondo vingi zaidi. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ilipimwa kwa mawe ya Apollo, ambayo, kwa upande wa lava, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni tatu. Wachina wakachagua tambarare iliyo karibu na Mons Rümker, yenye kasoko chache, na Desemba 2020 wakarudi na gramu 1,731. Maabara ikatoa jibu: miaka bilioni mbili. Pengo kubwa la kalenda likapata alama, na swali jipya likazaliwa: Mwezi, gimba dogo vile, ulipata wapi joto la kuyeyusha miamba muda wote huo?

Mahali pazuri panaweza pia kuwakosoa waliopachagua. Aprili 1972, Apollo 16 ilishuka nyanda za Descartes kwa sababu wanajiolojia, wakitazama picha, waliamini kuwa vilima vile ni vya volkano. John Young na Charles Duke walipoanza kuokota mawe, wakakuta ni vipande vilivyovunjwa na kugandamizwa na mapigo ya vimondo. Dhana nzima ikaanguka. Safari haikupotea. Tulijifunza kwamba nyanda za juu zimeumbwa hasa na mapigo hayo.

Leo macho yote yako kwenye ile ncha ya kusini. Jua huko huambaa upeo wa macho, na sakafu za baadhi ya kasoko hazijaonja mwanga kwa miaka mabilioni. Oktoba 2009, NASA iligongesha kipande cha roketi ndani ya kasoko ya Cabeus, na dalili za maji yaliyoganda zikaonekana katika vumbi lililoruka. Barafu hiyo inaweza kuwa na kumbukumbu ya jinsi maji yalivyofika huku tuliko. Ugumu wake ni kwamba barafu iko gizani na umeme wa jua uko kileleni, huku vivuli virefu vikificha mashimo. Machi 2025 chombo cha Athena cha kampuni ya Marekani kilishuka karibu na Mons Mouton, kikalala ubavu ndani ya kasoko na kuishiwa umeme mapema.

Picha na ramani za setilaiti ya LRO, inayouzunguka Mwezi tangu 2009, ziko wazi kwenye intaneti kwa kila mtu. Mwanafunzi wa jiolojia wa hapa Bujumbura anaweza kuhesabu kasoko, kupima miteremko na kupendekeza mahali pake. Na sisi wengine, kila tunaposikia kwamba nchi fulani imetangaza pa kutua, tuulize mambo mawili: pale panajibu swali gani, na jibu likija kinyume cha matarajio, je, bado tutakuwa tumejifunza? Mahali panapopita mitihani hiyo miwili panastahili gharama ya safari.