Joto la Kaskazi na Ngurumo za Kibaha na Kisarawe



Wengi wetu tusikiapo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania redioni huuliza: mvua ya Kibaha na Kisarawe yatuhusu nini sisi wenye mashamba ya karafuu visiwani? Swali hilo si la kudharau. Mamlaka huiweka mikoa ya Pwani, Dar es Salaam na Tanga pamoja na Unguja na Pemba katika ukanda mmoja, pwani ya kaskazini. Basi habari ya msimu ni yetu sote. Lakini saa ya mvua si moja, na kwa mtu aliyeanika karafuu, saa ndiyo mali.

Tuanze na joto. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba likienda kusini, na mwanzoni mwa Machi likirudi. Mkanda wa mvua hulifuata nyuma, ukatuletea vuli na kisha masika. Kati ya mvua hizo mbili huvuma kaskazi. Januari na Februari mvua hupungua, lakini bahari imekwisha pata moto na hewa imejaa maji tusiyoyaona. Hewa ya nyuzi 20 huweza kubeba kama gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikifika nyuzi 30 hubeba kama gramu 30. Hewa iliyokaribia kujaa haina nafasi ya kupokea maji mengine. Ndiyo sababu jasho halikauki mwilini, na karafuu jamvini nazo hukawia ijapokuwa jua ni kali.

Sasa tuvuke bahari. Kibaha na Kisarawe ziko magharibi ya Dar es Salaam, na Kisarawe imekaa penye vilima vya Pugu. Asubuhi nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupanda, na upepo wa baharini wenye maji huingia bara kushika nafasi yake. Ukifika vilimani husukumwa juu zaidi. Huko juu hupoa, mvuke ukawa wingu, na wingu likakua kama mnara. Ikifika saa tisa au saa kumi alasiri, radi hupiga. Si kila siku: hewa ya juu ikiwa kavu, wingu hukatika lisifike mbali. Kwa hiyo watabiri hutaja uwezekano, wala hawatoi ahadi.

Kwetu mambo hugeuka. Kisiwa ni kidogo na bahari imekizunguka. Usiku bara hupoa, lakini bahari hubaki na joto lake, na mara nyingi mvua huzuka baharini usiku wa manane au alfajiri. Basi mtu asione bara kumetulia magharibi akalala akiacha karafuu nje.

Iko miaka ambayo hatari huzidi. Mwaka 1997, 2019 na 2023 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, na vuli ikawa kubwa mno. Mavuno yetu huweza kuendelea hata miezi hiyo. Kwa hiyo tukisikia habari ya bahari kupata joto, tujiandae mapema.

Yafaa tufanye haya:

Kwanza, karafuu zichambuliwe siku ile ile zilipochumwa na zianikwe kwa tabaka jembamba. Zikilala guniani au chunguni huchemka, zikatoka nyeupenyeupe, nyepesi na zenye kukunjamana, na daraja huanguka.

Pili, turubali liwe karibu na jamvi, nalo lifunuliwe mara mvua ikatikapo, ili unyevu usifungwe ndani. Karafuu iliyokauka sawasawa ukiivunja hukatika, ikipinda bado.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mchumaji aliye juu ya mti yuko mahali pabaya kuliko pote radi inapopiga. Ukiona umeme, hesabu sekunde hata usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zisipofika 30, watu washuke mara moja, wala wasijikinge chini ya mkarafuu, bali waingie nyumbani. Wasirudi mtini mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Pishi moja iliyonyeshewa twaweza kuanika tena. Mtu aliyepigwa na radi hatuna cha kumlipa. Mwenye shamba asimhimize mchumaji amalize tawi.