Pumziko Haliwekwi Akiba

Wafanyakazi wa mashirika ya misaada katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na mji wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, wananiuliza swali lilelile: likizo ya siku ngapi inatosha kumtoa mtu uchovu? Nimeulizwa mno. Siwezi kutaja idadi, maana anayeuliza ameshaamini kwamba pumziko huwekwa akiba: ujikaze wiki nyingi mfululizo, usiku na mchana, kisha upande ndege hadi Nairobi, uendelee mpaka Malindi, ulale siku tano na urudi mzima.

Hurudi hivyo kwa siku chache tu. Jessica de Bloom na wenzake nchini Uholanzi waliwapima wafanyakazi kabla ya likizo, wakiwa likizoni na baada ya kurudi. Likizoni hali zao zilikuwa nzuri kweli. Wiki ya kwanza kazini haikuisha kabla ya nafuu hiyo kupotea, hata kwa waliopumzika wiki tatu. Naye Sabine Sonnentag wa Ujerumani ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kinachomrudishia mtu nguvu ni akili yake kuachana na kazi kila jioni. Kutoka ofisini kwa miguu hakutoshi.

Sasa tazama maisha ya kompaundi, ua wenye lango wanamoishi na kufanya kazi wafanyakazi wa mashirika. Mtu analala hatua chache kutoka dawati lake. Anakula meza moja na bosi, na kabla sahani haijaisha ameshaulizwa ripoti ya mgao. Saa nne usiku kikundi cha WhatsApp kinaita, naye anajibu ili asionekane mvivu. Huyo hajatoka kazini tangu Jumatatu! Ukimpeleka Malindi na simu ileile mfukoni, umeihamishia ofisi ufukweni. Halafu meneja wake ananiambia kwa uhakika kabisa, "Lakini juzi tu alikuwa likizo." Hapo uvumilivu huniishia. Wengine hujitibu kwa bia ya jioni. Pombe huleta usingizi haraka na kuuvuruga usiku wa manane, kisha mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Imani hii ya pumziko la akiba inawaonea zaidi wasio na hata hiyo ndege ya kwenda likizo. Wakimbizi wanaofanya kazi na mashirika kwa posho, kama wakalimani, walimu na wahamasishaji wa afya, wanaishi ndani ya jamii wanayoihudumia. Mwaka 2025 misaada ilipopungua na familia zikapangwa kwa makundi ya mgao, afisa aliyetoka Nairobi angeweza kufunga lango la kompaundi. Mkalimani hana lango. Jirani akikosa jina lake kwenye orodha ya mgao humbishia hodi yeye, saa yoyote, na kumfukuza ni kumfukuza mtu utakayekutana naye bombani asubuhi.

Basi yafanyike haya, na mengi hayagharimu kitu. Dharura za kambini ni za kweli, kwa hiyo iwepo simu moja ya zamu inayozunguka. Wengine wote wazime. Meneja akiandika usiku, ujumbe utumwe asubuhi. Mezani kazi isitajwe. Anayekwenda likizo akabidhi kazi kwa mtu aliyetajwa kwa jina na aondolewe kwenye vikundi mpaka arudi. Mkalimani apangiwe mtaa mwingine, si anapolala, na majirani watangaziwe dawati la malalamiko na saa zake. Siku moja ya kupumzika katika kila siku saba si hisani: imo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, pamoja na siku 21 za likizo kwa mwaka. Mswada wa Seneta Samson Cherargei wa kumlinda mfanyakazi asiyejibu simu nje ya saa za kazi ulipingwa na Shirikisho la Waajiri la Kenya, lakini hakuna meneja anayehitaji mswada ili aache kupiga simu usiku. Na anayebeba simu ya zamu, awe Kakuma au Lodwar, alipwe kwa usiku huo au apewe siku nyingine badala yake, ndani ya wiki hiyohiyo.