Maji Yakikauka Chini ya Sufuria

Maadamu sufuria ina maji, wali uliomo hauvuki nyuzijoto 100, hata moto uwe mkali namna gani. Joto linalozidi huondoka na mvuke. Maji yakikauka, ulinzi huo umekwisha. Kitako chembamba cha sufuria ya alumini hupata moto upesi, na kwenye nyuzi 140 hivi protini na sukari huanza kuungana, zikaleta rangi ya kahawia na harufu ya kuvutia. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mmenyuko huo mwaka 1912. Hapo unapatikana ukoko ambao watoto huugombania. Moto ukiendelea, ukoko unageuka mkaa mchungu.

Mbona basi uji huungua ilhali umejaa maji? Maji mepesi yakipata moto hupanda, ya juu yakashuka, joto likaenea. Wanga ukishavimba, mzunguko huo hudorora. Tabaka la chini hubaki palepale, linakauka na kushika huku juu kungali majimaji. Maharage ya nazi nayo ni hivyohivyo. Kukoroga juujuu hakusaidii kitu. Mwiko lazima ufike chini kabisa, upite na pembeni.

Wali haukorogwi, kwa hiyo husikilizwa. Mwanzoni hutokota kwa sauti nzito. Maji yakipungua, vitundu hujitokeza juu yake, na sauti inafifia. Ukisikia chini kunaanza kutatarika, umebakiwa na muda mfupi sana: punguza moto, au kama unapikia jiko la mkaa, acha makaa machache chini na mengine uyaweke juu ya mfuniko.

Wali ukiwa umeshashika, ipua mara moja. Inaniuma kuona sufuria nzima ya wali ikimwagwa kwa sababu ya safu ya chini tu, maana wa juu mara nyingi unaokoleka. Usiukoroge, na usiongeze maji humo: yataloweka uchungu wa chini, na mvuke wake utaupandisha moshi hadi juu. Weka kitako cha sufuria kwenye beseni la maji baridi, kisha pakua wa juu kwa upole bila kukwangua, uhamishie chombo kingine. Usichelewe, kwa kuwa harufu inazidi kuingia kwenye punje kadiri zinavyokaa pale.

Ule mweusi utupe, hata kama mchele ni ghali. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutoa akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani, na kwa kawaida huongezeka kadiri rangi inavyokoza. Ukoko wa kahawia hafifu unatosha kwa utamu.