MOSHI WA JIKONI: PESA ZA SERIKALI ZA MAFUNZO NA JINSI KIKUNDI KINAVYOWEZA KUZIOMBA

Vikundi vya kujisaidia vinapoandika barua kwa Serikali, mara nyingi huomba vitu: tanki la maji, mbuzi wa maziwa, hema, viti vya kukodisha. Ni vikundi vichache huomba mafunzo. Na ni vichache zaidi vinavyoomba mafunzo juu ya hewa tunayovuta jikoni. Lakini hapa kwetu Mukuyuni, ambapo chungu cha muthokoi hukaa motoni kwa saa nyingi, jambo hili si la mchezo. Tuangalie basi moshi hufanya nini, kwa nini mafunzo ni muhimu kuliko jiko la kupewa, na pesa hizo huombwa wapi.

Moshi hufanya nini mwilini?

Ndani ya moshi wa kuni mna vumbi laini sana ambalo jicho haliwezi kuona. Chembe moja ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa karibu mara thelathini. Pua haiwezi kuizuia, kwa hivyo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupita zikaingia kwenye damu. Ndiyo sababu moshi hauleti kikohozi na macho mekundu peke yake. Huleta nimonia kwa watoto wadogo, na kwa watu wazima ugonjwa wa mapafu usiopona, saratani ya mapafu, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa nyumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake ndio wanaovuta moshi mwingi kuliko wote.

Moshi wa makaa una hatari nyingine. Hauonekani sana, lakini hewa yake ya sumu haina harufu. Wakati wa baridi ya mwezi wa saba, watu wa vilima vya Kilungu huingiza jiko la makaa ndani ya nyumba na kufunga mlango. Wako waliolala hivyo katika nchi hii wasiamke tena.

Kwa nini tuombe mafunzo na si majiko tu?

Wengine watasema, "Tupewe majiko mapya, mambo yaishe." Ukweli ni kwamba mambo hayaishi hivyo. Nchini Malawi, watafiti waligawa majiko ya kisasa kwa familia za mashambani, wakafuata watoto zaidi ya 10,000 kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: nimonia haikupungua. Majiko mengi yaliharibika, na moshi mwingine uliendelea kutoka kwa takataka zilizochomwa, sigara na moto wa jirani. Jiko lililobadilishwa peke yake halikutosha.

Sasa angalieni jiko letu la makaa lenye bati nje na udongo ndani. Mtindo wake ulitoka Thailand, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Kenya walifundishwa kulitengeneza. Fundi alilitengeneza, akaliuza, na likiharibika alijua kulirekebisha. Leo liko karibu kila soko. Kitu kilichoenea hapo kilikuwa ujuzi wa fundi.

Kwa hivyo kikundi kinahitaji watu wake wenyewe wanaojua mambo matatu: kujenga na kurekebisha jiko, kupima moshi, na kuandika walichopima. Bila kupima, mtaambiwa jiko ni zuri nanyi hamtakuwa na la kujibu.

Wenzetu wa mbali walifanyaje?

Huko Marekani, makabila ya wenyeji wa asili yalikaa miaka mingi yakivuta moshi wa viwanda na wa kuni bila mtu wao wa kupima. Sheria ya Hewa Safi ilipobadilishwa mwaka 1990, makabila yalipewa nafasi ya kusimamia hewa ya ardhi yao karibu kama yale majimbo. Lakini ruhusa bila ujuzi ni kama jembe bila mpini. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Northern Arizona kilianzisha taasisi ya kuwafundisha watu wa makabila hayo, kwa pesa za Serikali. Walijifunza kutumia vyombo vya kupimia, na wanafunzi wa vyuo walipelekwa kufanya kazi na wataalamu wakati wa likizo. Walipofika mbele ya wakubwa, walikuwa na hesabu zao mkononi.

Pesa ziko wapi kwetu?

Kwanza, Kaunti. Mwaka 2015 Makueni ilikuwa kaunti ya kwanza nchini Kenya kutunga kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi. Kanuni hizo zilitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na kamati za wodi zikapewa kazi ya kuchagua miradi pamoja na wananchi. Miradi mingi huwa ya maji na udongo. Kikundi kikitaka mafunzo ya majiko, lazima kieleze wazi jinsi kuni zitakavyopungua na miti itakavyobaki shambani.

Pili, vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivi vilianza miaka ya 1960 baada ya makanisa ya Kenya kuuliza, mwaka 1966, vijana wataenda wapi wakimaliza shule. Siku hizi viko chini ya kaunti. Mwulizeni meneja kama uashi wa majiko waweza kuongezwa kwa masomo yake. Halmashauri ya NITA nayo hupima mafundi, hata wale waliojifunza ufundi kazini, na kuwapa vyeti.

Tatu, vituo vya nishati vya Serikali. Kimoja kiko Kitui, na kazi yake ni kuonyesha na kufundisha mambo kama majiko na gesi ya samadi.

Angalieni tofauti hii: ruzuku hairudishwi, mkopo hurudishwa. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2013, iliwekwa ili kukopesha vikundi. Mkopo wafaa fundi ambaye tayari anauza majiko. Haufai kulipia masomo ya mtu ambaye hajaanza kupata kitu.

Jinsi ya kuomba

1. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Nendeni kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii mkiwa na katiba, majina ya wanachama na kumbukumbu za mkutano.

2. Hesabuni jikoni zenu. Ngapi zina mafiga matatu? Ngapi hazina dirisha? Ombeni mhamasishaji wa afya ya jamii awasaidie, maana yeye anajua nyumba zenye watoto wanaokohoa. Lakini majina ya wagonjwa yasiandikwe.

3. Chagueni vijana wawili, msichana na mvulana, mbele ya mkutano wote. Wasichaguliwe kwa sababu ni watoto wa mwenyekiti.

4. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: shida ni ipi, nani atafundishwa, wapi, siku ngapi, kwa pesa ngapi, na atarudisha nini kijijini.

5. Hudhurieni mkutano wa wodi wa kupanga bajeti. Asiyekuwepo hana wa kumsemea.

Vijana wanaopelekwa kujifunza kazini

Kijana asipelekwe mahali kwenda kuchemsha chai ya maofisa. Kabla hajaenda, andikianeni: atajifunza nini, nani atamsimamia, nauli ni ya nani. Awe na daftari la kila siku linalotiwa sahihi. Akirudi, afundishe wengine watano na kupima moshi kwa nyumba chache, kabla ya jiko jipya na baada yake. Hapo mtajua kama pesa zilifanya kazi.

Msingoje pesa

Hata leo mama aweza kupunguza moshi. Kausha kuni na mabua ya mbaazi vizuri. Loweka maharagwe usiku. Funika chungu. Toboa dirisha upande wa pili wa mlango. Mtoto akae nje ya jiko. Baba naye asaidie kujenga, maana mapafu ya watoto ni yake pia.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

- Katika kikundi chetu, nani hupika saa nyingi zaidi, na jikoni mwake pakoje?
- Tukipata nafasi mbili za mafunzo, tutawapa nani, na kwa nini?
- Mkutano ujao wa wodi ni lini, na nani atakwenda kusema kwa niaba yetu?